Baiskeli Haiingii Ndani

Watu wa Winnipeg wana maswali. Swali walilomchosha nalo Rochelle Hnatiuk majira ya baridi yale lilikuwa moja tu: kama wewe ni dereva wa basi, kwa nini huendi kazini kwa basi? Jibu lilikuwa jepesi, ila muulizaji hakungoja kulisikia, maana alikuwa ameshaanza kucheka. Basi la kwanza la alfajiri katika mitaa yetu ya kaskazini lilikuwa likiendeshwa na Rochelle mwenyewe. Sasa yeye apande lipi?

Gari walikuwa nalo, likafa Novemba. Injini ilipasuka katikati ya barabara, wakaja watu wa vyuma chakavu wakalikokota kama mzoga. Mumewe, Terry, fundi wa dari, naye hakutaka kupitwa na gari. Kabla ya Krismasi alipanda juu ya paa kugonga barafu, akashuka bila kutumia ngazi. Mguu ukafungwa hogo mpaka pajani, akakaa kochini na magongo yake akitazama mpira wa magongo wa barafuni kwenye televisheni. Mle ndani alikuwamo pia mama yake Terry, Bi Orysia, mjane mwenye nguvu zake na maoni yake. Kula kwa watu wote watatu kukawa mikononi mwa Rochelle, na Rochelle akawa mikononi mwa baiskeli.

Teksi za kila alfajiri zingekula mshahara wote na kulamba sahani. Kwa hiyo kila siku, mji ungali gizani na theluji inalia chini ya buti, Rochelle alivaa suruali tatu na kofia ya kuacha macho tu, akaitoa baiskeli kwenye kibaraza cha nyuma kisicho na joto, akapanda. Tairi zake zilikuwa na vimisumari vya chuma vya kushika barafu. Alikwenda vizuri tu. Tena, ukimuuliza siku akiwa na furaha, angekwambia kwamba saa ile hakuna mwingine barabarani, hewa ni safi, na damu ikishachemka mtu husahau kwamba ni Januari.

Tatizo lilikuwa kazi yenyewe. Alikuwa bado katika majaribio. Pale gereji ya mabasi dereva anatakiwa asaini dirishani kabla ya saa yake. Ukichelewa hata kidogo, dirisha linafungwa, basi lako anapewa dereva wa akiba, na wewe unaandikwa kosa. Rochelle alikuwa ameshaandikwa mara moja, siku ile ya tufani iliyofukia mpaka milango ya watu. Anayeandikwa mara ya pili ndani ya majaribio hurudisha sare. Hakuna kubembeleza. Majaribio yalikuwa yanaisha Ijumaa, na hadithi hii inaanza Alhamisi.

*

Alhamisi wanawake wa kanisa letu hukutana kwenye ukumbi wa chini kukunja pyrohy, vile vibumba vya unga vyenye viazi ndani, vya kuuza kuchangia kanisa. Mikono inakunja, midomo inafanya kazi yake. Bi Orysia alikuwa kwenye meza ya kati, na mkabala naye alikuwa Bi Sawchuk, mwanamke ambaye akikupa pole ujue kakuletea jambo.

"Orysia, pole," akasema Bi Sawchuk.

"Pole ya nini?"

"Ya mkweo. Nimekaa nayo moyoni siku nyingi, nikasema sitauliza, nitamtia mwenzangu aibu."

"Sasa umeshaanza, maliza."

"Leseni. Walimnyang'anya lini?"

Kwetu mtu mzima akionekana juu ya baiskeli mwezi wa Januari, watu wana maelezo mamoja tu: huyo alikamatwa na polisi akiendesha gari amelewa. Hawaulizi zaidi. Wanamwonea huruma, wanamsengenya, basi.

"Hakuna aliyenyang'anywa leseni," akasema Orysia. "Rochelle anaendesha basi."

"Basi gani?"

"Basi la abiria. Hili hili linalopita hapa nje."

Meza nzima ikaacha kukunja. Kisha mmoja akaguna, mwingine akajifuta macho kwa kiwiko, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. "Yaani anapanda baiskeli kwenda kulifuata basi?" akauliza Bi Sawchuk. "Akilifikia analiambia nini?"

"Linamsubiri," akajibu Orysia.

"Haya. Na hiyo baiskeli nayo, mwenzangu, wajameni. Jana imenipita pale kona, imejaa tope la ile chumvi wanayomwaga kwenye barafu mpaka nikadhani ni mbuzi."

Orysia aliendelea kukunja, ila vibumba vyake siku ile vilitoka vimebanwa hasa, na aliyevinunua lazima alishangaa alipovitafuna. Alikasirika kwa ajili ya Rochelle, na alipofika nusu ya njia kurudi nyumbani akagundua kwamba hajawahi kukasirika kwa ajili ya Rochelle. Hawakuwa maadui wale wawili, wala hawakuwa marafiki. Walikuwa watu wa kupeana chumvi mezani. Lakini mtoto wa watu anaamka gizani kila siku kwenda kuwatafutia mkate, halafu anaitwa mlevi. Jambo lile lilimuuma Orysia kwelikweli.

Leseni asingeweza kuwaonyesha wale wanawake mmoja mmoja. Lakini tope angeweza kulitoa.

*

Rochelle alirudi mchana, akala, akaoga, na jioni mapema akalala, kama kawaida yake. Terry alikuwa kochini, timu yake inafungwa. Alisikia maji yakimwagika jikoni, akadhani mama anapiga deki.

Bi Orysia alikuwa ameiingiza baiskeli jikoni na kuiegemeza kwenye friji.

Mwezi wa Novemba, siku Rochelle alipoileta baiskeli ile nyumbani, alikuwa amesema waziwazi mbele ya wote: "Mama, baiskeli haiingii ndani." Orysia akaitikia. Alidhani ni adabu. Alidhani mkwe anaihurumia sakafu yake, ile anayoipiga nta kila wiki, na kwa kweli alimpa sifa moyoni kwa hilo. Haikumpitia akilini kwamba ni onyo.

Basi akaichemshia maji. Akaisugua kwa sabuni na brashi ya sakafu, kila kona, mpaka katikati ya gurudumu la nyuma kwenye gia, mahali palipokuwa na uchafu wa siku nyingi. Akaisuuza kwa birika zima la maji ya moto, tena akalenga vizuri. "Simama wima," akaiambia, kama alivyokuwa akimwambia Terry mdogo kwenye beseni. Akaikausha kwa taulo mbili nzuri. Mafuta ya mnyororo hakujua yanakaa wapi, kwa hiyo akatumia ya alizeti, yale ya kukaangia. Baiskeli ikang'aa. Akairudisha kibarazani polepole ili iwe zawadi ya kuamkia siku ya mwisho ya majaribio, akazima taa, akaenda kulala ameridhika sana na nafsi yake.

*

Alfajiri Rochelle alifungua mlango wa kibaraza, baridi ikamkaba. Ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Akawasha taa, akaiona baiskeli yake. Ilikuwa inametameta. Tena ilinukia kikaango.

Akaiegemea, akakanyaga pedali. Pedali ikazunguka. Gurudumu halikuzunguka. Akakanyaga tena, mara nyingi, na pedali zikazunguka bure kabisa, laini, kama feni.

"Terry," akaita, bila kupaza sauti. "Terry, njoo."

Terry akaja anarukaruka na magongo yake, blanketi mabegani. "Kuna nini?"

"Nani kaigusa baiskeli yangu?"

"Mimi na mguu huu?"

Wote wawili wakageuka kutazama jikoni. Bi Orysia alikuwa mbele ya jiko anakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Mama," akasema Terry.

"Ilikuwa chafu," akasema Orysia, bila kugeuka.

"Mama, uliiingiza ndani?" akauliza Rochelle.

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Hapa hapa jikoni. Nimeiogesha."

Terry akaweka paji la uso kwenye fremu ya mlango. "Kwa maji ya moto?"

"Sasa na wewe, utaogesha kitu kwa maji ya baridi Januari hii?"

Rochelle akavua glavu, akajifuta uso. Akaeleza taratibu, maana alijua akiharakisha atapiga kelele. Baiskeli ya kipindi hiki hulala kwenye baridi na kuamka kwenye baridi. Ukiipeleka kwenye joto, theluji iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu inayeyuka, inakuwa maji. Ukiirudisha nje, maji yanaganda, na vile vijino vya ndani vinavyoshika gurudumu vinagandia mahali pake. Unakanyaga, hakuna kinachoshikana. "Na wewe mama hukungoja theluji iyeyuke. Umemimina maji mwenyewe."

"Ulisema haiingii ndani," akasema Orysia polepole. "Nilidhani unaihurumia sakafu yangu."

Uji ukaanza kufurika, Orysia akauondoa motoni. "Nimekufukuzisha kazi," akasema. "Mimi na brashi yangu."

"Bado," akasema Rochelle. "Terry, piga simu teksi."

Terry akapiga. Akapigiwa muziki. Asubuhi ya baridi ile nusu ya magari ya mji yalikuwa yamegoma, na kila mtu alikuwa ameshika simu anasikiliza muziki ule ule. Rochelle hakusubiri. Akakimbia nyumba ya pili, kwa Gord Penner.

Gord ndiye aliyekuwa mtani mkuu wa baiskeli. Kila alipomwona Rochelle alimwuliza, "Dada, farasi wako kala nini leo?" Lakini moyo wake mzuri. Alitoka na joho la kulalia na buti, akapanda kwenye pikapu lake kubwa, akawasha. Pikapu likaguna, likanyamaza. Akawasha tena. Likaguna kidogo zaidi. Gord akashuka, akafuata ule waya wa umeme unaopasha injini joto usiku, kutoka kwenye gari mpaka ukutani, na pale ukutani akaukuta umelala chini kwenye theluji. Umechomoka. Gari limelala usiku kucha bila kupashwa.

"Dada," akasema Gord, "leo farasi wako ni bora kuliko wangu."

"Wangu kaogeshwa na mama mkwe."

"Kwa maji?"

"Ya moto."

Gord akavua kofia kwa heshima, akairudisha haraka maana masikio yalianza kuuma. Rochelle alishacheka kabla hajajua kwamba anacheka. Kisha akakumbuka dirisha la kusainia, kicheko kikamkauka, akarudi mbio.

*

"Kuna dawa moja," akasema akiingia. "Wenzangu wa baiskeli huifanya. Unafunga gia ya nyuma moja kwa moja na spoku za gurudumu. Hapo hata vijino vikigoma, gia ikizunguka inalivuta gurudumu. Terry, vile vifungo vyako vya plastiki viko wapi?"

Terry akaelekeza sanduku la vifaa, kule kibarazani. Rochelle akavipata, rundo zima. Akachukua kimoja, akakipitisha, akakivuta. Kikakatika. Cha pili kikakatika. Vilikuwa vimelala kwenye baridi tangu vuli, vimekuwa kama tambi mbichi. Vilimkatikia kimoja kimoja, mpaka vilivyobaki sandukuni vikawa vile vidogo vya kufungia nyaya za taa. Akakaa chini sakafuni, kwenye theluji iliyopenya mlangoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile machozi yakamtoka.

Orysia alikuwa amesimama mlangoni. Akarudi jikoni, wakasikia droo inafunguliwa na kufungwa, akatoka na donge kubwa la uzi mweupe wa pamba, uzi wa kufungia soseji. Kila mwaka kabla ya Pasaka nyumba ile hutengeneza soseji za kutosha ukoo mzima, na anayezifunga ni yeye, na haijapata kutokea soseji ya Orysia Hnatiuk ikafunguka kwenye moshi.

"Kipi kifungwe na kipi?" akauliza.

"Mama, huo ni uzi wa nyama."

"Nyama inavimba, inavuta, inaungua, uzi unabaki. Nimeuliza kipi na kipi."

Rochelle akamwonyesha. Gia kubwa, yenye matundu, na spoku zinazopita nyuma yake. Orysia akapiga magoti. Akajaribu na glavu, vidole havikusikia. Akavua glavu.

"Mama, utaungua na baridi," akasema Terry.

"Nyamaza wewe uliyeanguka paani. Shika taa."

Terry akashika taa. Rochelle akaliinua gurudumu na kulizungusha kidogo kidogo. Orysia akapitisha uzi kwenye tundu, akauzungushia spoku, mara nyingi nyingi, akavuta kwa meno, akapiga fundo, akahamia tundu la pili. Vidole vilianza kuwa vyeupe. Alivipuliza, akaendelea. Mafundo yalikuwa yale yale ya soseji, madogo, yaliyokaza, yamejipanga. Alipomaliza duara zima hakuweza kuukata uzi kwa vidole, Rochelle akaukata.

Akakanyaga pedali. Gurudumu la nyuma likazunguka.

"Linakwenda," akasema Terry.

"Linakwenda," akasema Rochelle. Akaichukua mikono ya mama mkwe, miwili kwa pamoja, akaiingiza ndani ya koti lake mwenyewe, chini ya makwapa, akaibana hapo. Ilikuwa baridi mpaka akaruka. Wakasimama hivyo, nyuso karibu, watu ambao siku zote walipeana chumvi tu.

"Ukiacha kukanyaga nini kinatokea?" akauliza Orysia.

"Sitakiwi kuacha. Nikiacha mnyororo unajikunja, nyuzi zinakatika."

"Basi usiache. Nipe mikono yangu, uende."

*

Rochelle akaenda. Theluji ngumu ya njiani ilikuwa inalia chini ya tairi, pumzi ikaganda kwenye kope, na nyuma yake gurudumu lilikuwa likitoa sauti mpya, tik, tik, tik, ya mafundo ya soseji yakipita. Mtaa ulikuwa mtupu. Taa nyekundu ilipomkuta kwenye njia panda hakuthubutu kusimama. Alizunguka duara pale pale anakanyaga, mara tatu, nne, kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka ikawa kijani. Mtu mmoja aliyekuwa akikwangua kioo cha gari lake aliacha kukwangua ili amwone vizuri.

Kisha likaja daraja la juu ya reli. Kupanda ni kupanda tu, kifua kinawaka, unakwenda. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Siku zote mteremko ule ulikuwa mapumziko yake, anaacha miguu inatulia, baiskeli inashuka yenyewe. Leo pedali zilizunguka na gurudumu, zikaongeza kasi, na miguu yake ikabidi iongeze kasi vilevile. Alibana breki ya mbele, akaiachia, akabana, huku magoti yanapanda na kushuka kwa namna ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuonekana anafanya. Akaanza kucheka ndani ya kofia. Alicheka peke yake gizani mteremko mzima. Akawaza, nikifukuzwa leo, angalau sikufukuzwa nimelala.

Chini ya daraja akasikia kitu kinakatika. Tak. Kisha kingine. Baiskeli ikatetemeka, pedali ikateleza nusu mzunguko, ikashika tena. Mbele, mbali bado, ng'ambo ya maghala, taa za gereji zilikuwa zinaonekana. Alikanyaga kwa upole sasa, kama anayekanyaga mayai, na haraka, na mambo hayo mawili hayapatani.

*

Nyumbani simu ya Terry ilikuwa mezani, imelala kimya. Dereva akishaingia gereji huifungia simu yake kabatini mpaka mapumziko. Hiyo ilikuwa sheria pia.

"Kama amewahi, hapigi," akasema Terry. "Kama hakuwahi, hapigi vilevile. Atakuwa anatembea kurudi."

Orysia alikuwa ameloweka vidole kwenye bakuli la maji vuguvugu. Vilikuwa vinamchoma kama upupu. Alikaa, akasimama, akakaa. Akafuta meza iliyokuwa safi. Aliwaza sare ile ya buluu inakunjwa na kurudishwa juu ya kaunta, na Rochelle anatoka nje kimyakimya, hana hata cha kupanda, kwa sababu ya mwanamke mmoja na birika lake. Akatoa vidole majini.

"Nakwenda kituoni," akasema.

"Mama, nje kunaua."

"Basi la kwanza linapita pale. Nitaona nani analiendesha."

"Na ukimwona mtu mwingine?"

Orysia alikuwa anafunga shali kichwani, akafunga tena ya pili juu yake. "Nikimwona mtu mwingine nitatembea mpaka nikutane na Rochelle njiani," akasema. "Hatarudi nyumbani peke yake."

Kituo kiko mwisho wa mtaa. Alikuta watu wawili: mama mmoja Mfilipino anayefanya usafi hospitali, na kijana wa kiwanda cha mikate, mikono mifukoni, anarukaruka.

"Unakwenda wapi na baridi hii, bibi?" akauliza kijana.

"Siendi."

"Unasubiri basi halafu huendi?"

"Nasubiri dereva."

Yule mama wa hospitali akamtazama kijana, kijana akamtazama mama, wakaona wamwache. Kope za Orysia zilikuwa zinashikana, akazisugua ili zisimfunge macho wakati anapoyahitaji. Taa zikatokea mbali kule, mbili, na juu yake namba ya njia. Basi likaja polepole, likakua. Kioo cha mbele kilikuwa cheusi, huoni kitu isipokuwa taa za barabarani zikiteleza juu yake. Orysia alisogea mpaka ukingoni kabisa. Basi likasimama, mlango ukapumua, ukafunguka.

Dereva alikuwa na sare ya buluu, nywele zimesimama huku na huku, na mstari mwekundu puani ilipokuwa kofia.

"Ni wewe," akasema Orysia.

"Ni mimi, mama."

"Uliwahi?"

"Niliwahi. Mkono wa karani ulishafika kwenye dirisha, nikauweka wangu katikati." Rochelle alikuwa anatabasamu sikio mpaka sikio. "Zimebaki nyuzi mbili tu, mama. Zimenifikisha."

Orysia akalia. Hakuficha wala hakujifuta, akalia tu pale ukingoni na shali zake mbili, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kupumua vizuri.

"Panda, mama. Baridi inaingia."

"Sina nauli. Sikuja kusafiri."

"Panda tu."

"Usinibebe bure wewe. Leo siku yao ya mwisho ya kukuangalia. Kesho ndiyo unibebe bure."

Abiria wakacheka. "Bibi, panda bwana, tunaganda sisi," akasema kijana wa mikate nyuma yake. Yule mama wa hospitali akamshika Orysia mkono, akampandisha ngazi, akagusisha kadi yake kwenye mashine mara mbili, ikalia mara mbili.

"Huyu ni mkwe wangu," Orysia akamwambia, na akahakikisha sauti yake inafika viti vya nyuma. "Anayeendesha. Huyu hapa."

"Hongera, mama," akasema yule mama.

Orysia akakaa kiti cha mbele kabisa, pale anapoweza kuona mikono ya dereva na barabara kwa pamoja. Mlango ukafungwa, basi likaondoka. Mbele kidogo, kwenye taa nyekundu, Rochelle akamtazama kwenye kioo. "Sasa unashukia wapi?"

"Sishuki."

"Mama, mimi nazunguka mpaka mchana."

"Zunguka. Wao wanakuangalia, na mimi nakuangalia. Leo hakuna kitu kitakachokugusa."

"Sawa, mama," akasema Rochelle, taa ikawa kijani. "Ila na wewe usiguse kitu."

Bi Orysia akaichukua mikono yake yote miwili, akaikalia.